Matumbawe, Kengele na Altare

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mji uliopambwa na misikiti na ambao wakazi wake walio wengi kabisa ni Waislamu, pana makanisa makuu mawili ambayo mtu aweza kutoka katika moja akaingia katika la pili kwa mwendo wa dakika chache tu wa vichochoroni. Moja ni la Waanglikana, nalo limesimama Mkunazini. La pili ni la Wakatoliki, ambalo watu wa mji, Wakristo na wasio Wakristo, wamelizoea kwa jina la Minara Miwili. Yote mawili yalijengwa katika sehemu ya mwisho ya karne ya 19, yote mawili kwa matumbawe na chokaa, yote mawili chini ya usimamizi wa watu waliotoka Ulaya na michoro mikononi mwao, ambao walipofika hapa walilazimika kuisahihisha michoro hiyo kwa kadiri ya mawe, jua na mafundi waliowakuta. Juu ya hayo yote, Mwanglikana wa Mkunazini akiulizwa kanisa lake lina uzuri gani hatoi jibu litolewalo na Mkatoliki wa Minara Miwili, wala Mluteri wa Dar es Salaam hatoi jibu la mmoja wao, na ikhtilafu hiyo ya majibu ina tarikhi yake, ambayo ndiyo maudhui ya makala haya.

Haifai, hata hivyo, kuwaanza wamisionari kabla ya kuianza sanaa waliyoikuta, maana bila ya sanaa hiyo makanisa ya pwani yangalikuwa na sura nyingine kabisa. Watu wa pwani walikuwa wakijenga kwa mawe karne nyingi kabla ya merikebu ya Mreno wa kwanza kuonekana: Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa katika karne ya 11, na ulipopanuliwa katika karne ya 14 ulitiwa makuba na matao ambayo hadi leo mgeni huyatazama kwa taajabu. Matumbawe laini yalikatwa baharini yangali mabichi, yakatiwa nakshi za mihirabu na milango kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, katika miamba ya matumbawe ya kale. Na chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo duara kubwa, kurundika vipande vya matumbawe juu yake, kutia moto, kisha kuiacha ile chokaa nyeupe ilale na kulainika kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Dari zilibebwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji na visiwa vya Lamu, na hapo ndipo palipokuwa na kizuizi, kwa sababu boriti ya mkoko haifai kuvuka chumba chenye upana unaozidi sana dhiraa sita. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana misikiti mingi ya kale ina safu ya nguzo katikati, hata pengine nguzo imesimama mbele ya mihirabu yenyewe.

Kwa watu wasalio kwa safu, bega kwa bega, nguzo hiyo si udhia mkubwa. Kanisa, hasa la wale waihesabuo misa kuwa kiini cha ibada, lina haja nyingine: linataka njia iliyonyooka kutoka mlangoni hadi altareni, na linataka kila jicho, hata la mtoto aliyesimama nyuma kabisa, liione hostia inapoinuliwa. Basi tangu mwanzo haja ya ibada ilipambana na urefu wa mti wa mkoko, na pale Mkunazini aliyeingia katika pambano hilo alikuwa Edward Steere.

Steere alikuja Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo ilizaliwa kutokana na wito alioutoa mmisionari na msafiri Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, ilikuwa imekwisha kushindwa katika bonde la mto Shire, ambako Askofu Mackenzie alifariki kwa homa mwaka 1862, na ikaonekana ni bora kuanza upya kisiwani, penye bandari na hewa iliyojulikana. Steere alikuwa mwanasheria kwa elimu, mpiga chapa kwa mikono yake, na mwanafunzi wa Kiswahili asiyechoka. Kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1870, na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja uliotoka mwaka huo huo, vilimfanya ajulikane hata na watu ambao hawakupata kuingia kanisani mwake. Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika milki yake, na soko la Mkunazini likabaki uwanja mtupu. Sehemu ya uwanja huo ilinunuliwa kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ikatolewa hiba na tajiri mmoja wa Kihindi, Baniani, ambaye hakuwa na haja yoyote na kanisa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Muda kati ya kufungwa kwa soko na kuwekwa kwa jiwe haukutimia miezi saba. Watu waliouzwa katika uwanja ule walikuwa bado hai mjini na mashambani, na mateka waliookolewa majahazini walikuwa wakilelewa na misheni Kiungani na Mbweni, wakiwa na umri wa kuelewa vyema ni kitu gani kinachojengwa na mahali gani.

Steere, ambaye alifanywa askofu mwaka 1874, aliisimamia kazi yeye mwenyewe. Alichanganya matao yaliyochongoka ya makanisa ya kwao na umbo ambalo mtu wa Unguja asingeliona geni kabisa, na lilipofika suala la paa akafanya jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa ni wazimu: akaacha boriti, akafunika ukumbi mzima kwa kuba refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, lililomiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji kutoka Uingereza. Walikuwapo waliotabiri kwamba kuba hilo litawaangukia waumini, wala utabiri wao haukuwa wa kipuuzi, kwa kuwa hapakuwa na jengo la namna hiyo mjini la kuutolea ushahidi. Kuba halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare, chini ya paa lake, na paa hilo lingali juu ya kaburi lake.

Karibu na mlango mkuu zipo nguzo ndogo ambazo, kama isimuliwavyo, mafundi walizisimamisha juu chini siku ambazo askofu hakuwapo, naye aliporudi akaziacha vile vile. Kisa hiki hupendwa na waongozao wageni, nami sikiamini wala sikikanushi. Lakini najua kwamba wazee wa Mkunazini hawakisimulii kwa kuwacheka mafundi, husimulia kama mtu asimuliavyo kovu la ndugu yake. Saa ya mnara, kwa mujibu wa masimulizi mengine, ilikuwa zawadi ya Sayyid Barghash mwenyewe, aliyeshurutisha kwamba mnara usizidi kimo cha kasri lake la Beit el Ajaib. Ikiwa ni kweli, basi ni sharti la muungwana: alitoa saa, akalinda hadhi yake, na mji mzima, Mwislamu na Mkristo, ukapata kujua wakati.

Sasa, uzuri uko wapi? Kwa jicho la mjenzi kanisa la Mkunazini ni zito, madirisha yake ni membamba, na mwanga wake ni haba hata adhuhuri. Lakini Mwanglikana wa pale haanzi kwa madirisha. Humshika mgeni mkono, akampeleka moja kwa moja hadi mbele ya altare, akamwonyesha alama ya duara ya marmari iliyo sakafuni, akamwambia kwamba hapa ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa mijeledi, ili mnunuzi ajue yupi mwenye nguvu na yupi anayelia upesi. Kisha humwonyesha msalaba wa mbao uliofanywa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, alikofia Livingstone, ambao chini yake ulizikwa moyo wake. Uzuri wake ni wa mahali: kwamba palipohesabiwa thamani ya mtu kwa riyali, sasa hugawiwa mkate bila ya bei. Misheni hiyo hiyo ilifanya mfano wa jambo hilo tena kisiwani Likoma, katika ziwa Nyasa, ambako kati ya mwaka 1903 na 1911 ilisimamisha kanisa la mawe lenye urefu wa futi zaidi ya 300, mahali ambapo hapo kale, kama isimuliwavyo, washukiwa wa uchawi walichomwa moto. Kisiwa chenyewe ni kidogo hata mgeni hustaajabu kanisa hilo limepata wapi watu wa kulijaza.

Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikuwa watu wa namna ya peke yao katika Uanglikana. Waliita ibada yao misa, walivaa mavazi ya altare yenye tarizi, walipiga kengele ndogo wakati wa kuinuliwa hostia, na walifukiza uvumba. Na uvumba huo haukuwa bidhaa ngeni pwani, kwa sababu ubani wa Dhofari na wa Usomalini ulikuwa umekwisha kuingia bandarini kwa majahazi ya kaskazi tangu zama za kale, na ulifukizwa katika maulidi na katika nyumba za arusi kabla haujafukizwa mbele ya msalaba. Mtu wa Unguja aliyeingia Mkunazini siku ya sikukuu, hata kama hakuelewa neno moja la liturujia, pua yake ilimwambia kwamba yuko mahali pa taadhima. Askofu Frank Weston, aliyeishika dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 hadi kufa kwake mwaka 1924, aliyapenda mambo hayo kwa moyo wote, tena aliyatetea kwa ukali. Lakini ni yeye pia aliyewaambia Waanglikana wenzake waliokusanyika London mwaka 1923, watu waliojivunia tabernakulo zao na mishumaa yao, kwamba hawana haki ya kumwabudu Kristo ndani ya tabernakulo ikiwa hawamwoni katika maskini wa mitaa yao michafu. Sidhani kama maneno hayo yangalitoka kwa urahisi kwa askofu ambaye altare yake haikusimama sokoni.

Minara Miwili ni habari nyingine. Mapadre wa Kikatoliki walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion mwishoni mwa mwaka 1860, shirika la Roho Mtakatifu likachukua kazi hiyo mwaka 1863, na kwa miaka thelathini waumini, wengi wao Wagoa waliokuwa makarani, washoni, wapishi na wanamuziki, walisali katika kanisa dogo lisilolingana na idadi yao. Kanisa jipya la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1893 na kumalizika mwaka 1898, kwa namna ya makanisa ya kusini mwa Ufaransa, hata wengi hulifananisha na yale ya Marseille. Lina tabia moja ya ajabu: mwenye kuja kwa chombo baharini huiona minara yake kabla hajaona kitu kingine kikubwa mjini, na mwenye kulitafuta kwa miguu hupotea, kwa kuwa limezungukwa na nyumba na vichochoro pande zote, na hulifikia ghafula, akiwa amekwisha kukata tamaa. Ndani yake kuta na kuba zimechorwa taswira za Maandiko, sanamu za watakatifu zimepangwa, na vituo vya Njia ya Msalaba vinamzungusha muumini kuta zote.

Mwenye kulikosoa atasema taswira hizo ni za Ulaya, na nyuso zake ni za Ulaya, na atakuwa amesema kweli. Ila Mkatoliki wa pale hajibu kwa taswira, kama vile Mwanglikana asivyojibu kwa madirisha. Hujibu kwa taa ndogo iwakayo karibu na tabernakulo usiku na mchana, akaeleza kwamba kanisa la Kikatoliki halipati kuwa tupu hata pale lisipokuwa na mtu. Kwamba mama atokaye sokoni na kikapu chake aweza kuingia, akapiga goti, akakaa robo saa, akatoka, bila ya padre wala kitabu wala wimbo. Kwake yeye minara, vioo vya rangi na vigae vilivyoletwa kwa meli ni mapambo ya nyumba ya mwenyeji aliyemo ndani, na mapambo hayaulizwi kama yanafanana na nchi, huulizwa kama yanamstahili mwenyeji.

Ng'ambo ya maji, Bagamoyo, mapadre hao hao walijenga misheni mwaka 1868, wakapanda barabara ya miembe kutoka ufukoni, wakajenga kanisa la kwanza, ambalo sasa umebaki mnara wake. Katika kanisa hilo, mwezi wa Februari 1874, Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliifikisha maiti yake baada ya kuichukua mabegani kwa miezi mingi kutoka Chitambo, ikalazwa humo kabla ya kuvushwa Unguja. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, mtoto wa kanisa lisilotaka sanamu wala mishumaa, akalala mbele ya altare ya Kikatoliki, akiwa ameletwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wamebatizwa na Waanglikana. Mnara huo ungali ukiitwa kwa jina lake.

Mombasa palikuwa na Waanglikana wa tabia nyingine. Chama cha CMS (Church Missionary Society), ambacho wamisionari Krapf na Rebmann waliweka msingi wake Rabai, kilikuwa cha watu waliopenda Biblia ifunguliwe, mahubiri yawe marefu, na meza ya Bwana iwe meza. Katika mtaa wa Frere Town, uliofunguliwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, kitu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kengele, kwa sababu haikuita watu ibadani tu. Ilipigwa vile vile kuwatahadharisha wakazi wakati waliposhukiwa wezi wa watu kukaribia. Mahali pale pangali pakiitwa Kengeleni, na mamia ya watu hushuka katika matatu kila siku kwa kutaja jina hilo bila ya kuifikiri kengele yenyewe. Kwa wazee wa mtaa ule sauti ya kengele ilikuwa ni sauti ya ulinzi kabla ya kuwa sauti ya sala, na sijui pambo lipi la marmari lingeweza kushindana na hilo.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu hao wasiopenda mapambo ndio waliojenga, pale Mombasa mjini, kanisa lenye sura ya Kiarabu kuliko yote. Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililomalizika mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, Askofu Parker aliyemfuata, na katibu wa CMS, Henry Wright, lilichorwa na John Sinclair, yule yule aliyekuja kuchora majumba mengi ya serikali Unguja. Sinclair akalitia kuba na matao ya kimashariki, hata mgeni asiyeuona msalaba huweza kudhani ni msikiti. Wako waliosema kwamba huo ulikuwa ujanja wa serikali ya kikoloni, kutaka utawala wake uonekane umeota katika ardhi ya pwani. Nami naona neno hilo lina uzito. Lakini Waswahili Wakristo waliosali humo hawakulihesabu kuba kuwa la Sinclair wala la serikali. Kuba lilikuwa la pwani, nao walikuwa wa pwani, na walikuwa wamechoka kuambiwa na majirani zao kwamba kubatizwa ni kuhama mji.

Ikhtilafu baina ya Unguja na Mombasa ilipasuka wazi mwaka 1913. Mwezi wa Juni wa mwaka huo wamisionari wa CMS, wa Kanisa la Uskoti, wa Methodisti, wa Africa Inland Mission na wengineo walikutana Kikuyu, wakazungumza namna ya kushirikiana, na mkutano ulipomalizika wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza kwa kitabu cha sala cha Kianglikana. Weston aliposikia alikasirika mno, akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefanya uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu, neno ambalo wasomaji wake wengi hawakupata kulisikia kabla ya hapo, na uamuzi ulipotoka, watu wa mzaha wakaufupisha kwa kusema kwamba ibada ile ilimpendeza sana Mungu na kwa vyovyote isirudiwe tena. Tuyaache maneno ya wanateolojia. Kwa mwenye kuchunguza uzuri wa makanisa, ugomvi ule unaonyesha wazi kwamba hapakuwa na mtu aliyegombea jengo: kanisa la Kikuyu lilikuwa la kawaida kabisa, na Weston hakulitaja. Aligombea nani asimame mbele ya meza, naye awe amewekewa mikono na nani.

Naye msomaji asifikiri kwamba Waskoti, kwa kuwa walitoka katika kanisa lisilopenda anasa za macho, walikuwa vipofu. Mmoja wao, David Clement Scott, aliyeongoza misheni ya Blantyre katika nchi iitwayo sasa Malawi, alijenga huko kati ya mwaka 1888 na 1891 kanisa la matofali lenye minara, kuba na matao, ambalo wajenzi wenye shahada hulizunguka wakitikisa vichwa, kwani yeye hakupata kusomea ujenzi, na waliojenga walikuwa watu wa Blantyre aliowafunza kufinyanga na kuchoma matofali ya maumbo kadha wa kadha. Scott huyo baadaye alihamia Kikuyu, akafia huko mwaka 1907. Alipoulizwa na wakubwa zake Uskoti kwa nini misheni changa ina haja ya kanisa la namna ile, hoja yake ilikuwa moja kwa maneno na kwa vitendo: kwamba Mwafrika hastahili kupewa kilicho duni kwa sababu tu ni Mwafrika.

Kwa Waluteri nitapita upesi, ingawa hawastahili upesi huo. Kanisa lao la Azania Front, Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari wa Berlin tangu mwaka 1898, lina paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama bandari, na ni miongoni mwa majengo yanayopigwa picha zaidi mjini. Lakini Mluteri hayuko machoni, yuko masikioni. Ukimsifia mnara atakushukuru kwa adabu. Ukiisifia kwaya ya usharika wake, au bendi ya tarumbeta itanguliayo maandamano ya sikukuu katika vilima vya Usambara na Kilimanjaro, atakukaribisha nyumbani. Kwake yeye kanisa zuri ni kanisa linaloitika vizuri, ambamo sauti nne za wimbo hukutana chini ya dari bila ya kumezwa wala kurudi kwa mwangwi, na mjenzi asiyelijua hilo, hata akileta marmari ya Italia, amepoteza fedha za washarika.

Mtoto wa Marangu, katika Kilimanjaro hiyo hiyo ya Waluteri, ndiye aliyekuja kufanya jambo ambalo wajenzi wote niliowataja hawakulithubutu. Elimo Njau, aliyesoma sanaa Makerere, aliitwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuchora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Akachora tangu Kuzaliwa hadi Kusulubiwa, na watu wake wote, Kristo akiwa wa kwanza wao, ni Waafrika, na mabonde yaliyo nyuma yao ni mabonde ambayo muumini aliyaacha mlangoni alipoingia. Na tukumbuke ni miaka gani hiyo: damu ya vita vile ilikuwa haijakauka, jirani hakumwamini jirani, na kanisa lenyewe lilihesabiwa na wengi kuwa limeegemea upande mmoja. Kumchora Kristo Mwafrika, akifa katika vilima vile, mbele ya wajane wa pande zote mbili, kulihitaji ushujaa mkubwa kuliko kumimina kuba.

Wako pia wasiokuwa na jengo la kusifia, wala hawalioni pengo. Wafuasi wa African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, huonekana Jumapili wakienda kwa safu njiani, mavazi meupe pe, bendera mbele, ngoma katikati, na nyimbo zikipokewa kutoka safu hadi safu. Barabara ndiyo ukumbi wao, na weupe wa nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi jana yake ndio marmari yao. Nimewasikia watu wa makanisa ya mawe wakiwadharau kwa hayo. Lakini wao nao hujua thamani ya kinachoonekana, wala hawavai mavazi hayo wakaingia matopeni.

Kwa walio na mawe, hatari iliyopo leo yatoka kwa wapenzi wenyewe wa makanisa. Fedha za mchango zikipatikana, kamati hutaka ukuta wa kale upakwe saruji, upate kung'aa kwa sikukuu, nao hung'aa kweli kwa miaka michache. Kisha chumvi na unyevu, ambavyo chokaa huviachia vitoke nje taratibu, hufungwa na saruji ndani ya ukuta, matumbawe yakaanza kuoza na kumeguka kwa siri nyuma ya rangi mpya. Ukarabati wa Mkunazini wa miaka ya 2010 ulilazimika kurudi kwenye chokaa, na mafundi wa kuijua wakatafutwa. Chokaa nzuri yataka kulala shimoni kwa majuma mengi kabla ya kufaa kupakwa, na kamati za ujenzi, za Mkunazini, za Minara Miwili na za Mombasa pia, hazijapata kupendezwa na fundi awaambiaye wangoje hadi baada ya Pasaka.